Hali ya wodi ni ya kuridhisha

Saa 1:30 asubuhi ni saa ya makabidhiano. Wa naiti tunasimama na kitabu cha ripoti, wa moningi wanasikiliza huku wengine bado wanafunga aproni, kisha tunapita kitanda kwa kitanda. Huyu ni mimba yake ya pili, njia imefunguka sentimita 6. Huyu presha inapanda, ameshapewa dawa. Yule amejifungua saa 11 alfajiri, mtoto wa kike, kilo 3.1, ananyonya vizuri. Nimekuwa muuguzi mkunga kwa miaka 16, na karibu kila asubuhi ya miaka hiyo nimefunga ripoti kwa sentensi ile ile niliyoikuta kitabuni siku yangu ya kwanza: "Hali ya wodi ni ya kuridhisha."

Upo usiku mmoja ambao niliiandika mkono ukinitetemeka. Leba tulikuwa wawili. Akina mama walikuwa 11 na vitanda 8. Wawili tuliwatandikia godoro chini, mmoja akakaa kwenye benchi ameegemea ukuta kwa sababu kulala kulimzidishia uchungu. Mashine ya presha ilikuwa moja. Glovu zilipobaki jozi 6 tukaanza kuulizana kabla ya kuvaa. Kulipopambazuka watoto 7 walikuwa wamezaliwa, na 6 kati yao walilia. Wa saba tulimpa pumzi kwa Ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa, kwa dakika 20, hakuamka. Nilinawa mikono, nikakaa, nikaandika kila kitu na saa yake. Mwisho nikaweka sentensi ile. Hakuna aliyenilazimisha. Na asubuhi hakuna aliyeisoma akashtuka.

Watu wakizungumzia wafanyakazi wa hospitali, huanza na mishahara, wakitoka hapo ni lugha mbaya ya manesi, wakitoka hapo ni wito. Kila jambo hutafutiwa dawa yake peke yake. Mimi naona yote yanakutana pale mwisho wa ripoti. Ukijua kwa nini mtu mzima, mwenye leseni na kiapo, anaandika kwamba hali inaridhisha wakati haikumridhisha hata yeye, utakuwa umejua sehemu kubwa ya kinachozidhoofisha hospitali zetu.

Hesabu isiyofika

Tuanze na kazi yenyewe, maana neno "mzigo" limesemwa mpaka likapoteza uzito.

Partografu ni karatasi ya kumfuatilia mama aliye kwenye uchungu. Inakutaka kila nusu saa usikilize mapigo ya moyo wa mtoto, na kila nusu saa uweke mkono juu ya tumbo uhesabu uchungu unakuja mara ngapi ndani ya dakika 10. Sasa piga hesabu. Mama mmoja anakula dakika 10. Akina mama watatu wanakula dakika 30, na nusu saa imekwisha. Wa nne hana mtu. Hapo hujapima presha ya yeyote, hujatundika dripu, hujamkimbilia yule anayesema mtoto anakuja. Usiku ule wa akina mama 11, kila mmoja wetu alikuwa na watano au sita. Nilihitaji karibu saa nzima ya kazi ndani ya kila nusu saa.

Kwa hiyo partografu hujazwa baadaye. Mama akishajifungua, mkunga anavuta kiti na kuweka nukta kwa kukumbuka na kwa kukisia. Kila aliyewahi kufanya kazi leba anajua. Inchaji wa wodi anajua. Metroni anajua, naye alikuwa mkunga kabla ya kupanda. Mkaguzi anayekuja na orodha yake ya kukagua naye anajua, na anaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha "partografu imejazwa kikamilifu". Nukta zimejipanga vizuri kila nusu saa, sote tunazitazama, na hakuna anayesema neno.

Imani kati ya mfanyakazi na mkubwa wake huanzia kufa hapo, kabla hatujafika kwenye mshahara. Kanuni inadai kisichowezekana, mfanyakazi anaandika kwamba kimefanyika, mkubwa anapokea karatasi anayojua si ya kweli. Kila upande umeshika siri ya mwenzake. Mimi najua kwamba wewe unajua, na najua siku ukitaka kunitoa kafara utaitumia karatasi hiyo hiyo kama ushahidi.

Mzigo huu haukushuka kutoka mbinguni. Hapa Tanzania, 2016 ajira za serikali zilisimama kwa muda, na 2017 uhakiki wa vyeti ukawaondoa watumishi wa umma 9,932, wakiwemo wa afya. Sina ugomvi na hoja kwamba asiye na cheti halali hapaswi kugusa mgonjwa. Lakini wodi iliyompoteza mtu leo haikumpata mwingine kesho, na waliobaki wakagawana vitanda vyake. Tangu hapo wodi nyingi zimeegemea vijana wanaojitolea: wamemaliza chuo, wana leseni, wanakesha naiti kama sisi, na mwisho wa mwezi wanapata nauli kama ipo. Nimewafundisha wengi wao. Wanachojifunza mapema kuliko yote ni kwamba mfumo unaweza kukutegemea kabisa na usikutambue.

Kwamba hesabu hii ina gharama ya uhai, hilo limepimwa. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Kwa kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 uliongezeka kwa asilimia 7, na uwezekano wa muuguzi kuwa katika uchovu sugu wa kazi uliongezeka kwa asilimia 23. Wao walikuwa wakimlinganisha muuguzi mwenye wagonjwa 4 na mwenye wagonjwa 8. Wasomaji wenzangu mliowahi kushika naiti wodi ya wanawake mkiwa peke yenu mnajua nambari zetu.

Uchovu wa kazi na kinachoitwa lugha mbaya

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, ICD-11, kama jambo linalotokana na kazi, na likakataa kuuita ugonjwa wa mtu binafsi. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yako au kuiona kwa kinyongo, na kuhisi kwamba unachofanya hakina matokeo.

Dalili ya pili ndiyo wananchi wanakutana nayo. Mama anauliza swali, muuguzi anajibu bila kumtazama. Mama analia, anaambiwa anyamaze. Simtetei anayemfokea mwanamke aliye kwenye uchungu. Niliwahi kumfokea mmoja, na uso wake ninao mpaka leo. Ila nataka msomaji aone jinsi mtu anavyofika pale. Huwezi kuwahurumia watu 11 kwa usawa usiku mzima, huku huna cha kuwapa 8 kati yao, halafu ufanye hivyo kesho na keshokutwa. Moyo unajifunga ili mikono iendelee. Watafiti waliokaa kwenye wodi za watoto wachanga za hospitali za umma Nairobi waliona jambo hilo hilo: wauguzi wanajipangia wenyewe, bila kutamka, ni mtoto gani aangaliwe na muuguzi na yupi aachiwe mama yake au mwanafunzi, kisha wanashikamana na ratiba ya kazi kama kamba ya kuvukia mto. Ratiba inawaokoa. Kwa anayetazama kutoka mlangoni, inafanana na kutojali.

Kisha hospitali inaandaa semina ya huduma kwa mteja. Tunafundishwa kutabasamu. Nimehudhuria kadhaa, na baadhi ya wakufunzi walikuwa watu wazuri sana. Tulirudi wodini tukakuta wagonjwa ni wale wale na wauguzi ni wale wale, isipokuwa kwamba wawili hawakuwepo kwa sababu walikuwa semina.

Kwa nini mzigo ule ule unamvunja mmoja na kumwacha mwingine

Mwaka 1979 Robert Karasek, akitumia takwimu za wafanyakazi wa Sweden na Marekani, alionyesha kwamba kazi nzito inamdhuru mtu zaidi pale anapokuwa hana uamuzi juu yake. Kazi nzito yenye uamuzi inachosha, lakini inaweza hata kukukuza. Kazi nzito usiyoweza kuipanga, kuikataa wala kuibadilisha inakula mwili. Baadaye, 1988, Jeffrey Johnson na Ellen Hall wakaongeza mguu wa tatu: watu walio nyuma yako. Mtu mwenye mzigo mkubwa, uamuzi mdogo na upweke ndiye aliye hatarini kuliko wote.

Mtazame daktari bingwa anayesimama kwa muda wa saa 8 chumba cha upasuaji. Anatoka amechoka, lakini ni yeye aliyeamua nani aanze na nani asubiri, na akisema uzi fulani hautoshi, watu wanakimbia kuutafuta. Mhudumu wa usafi wa wodi ile ile amefanya kazi saa hizo hizo. Hakuna aliyemuuliza chochote. Tunaposema "wafanyakazi wa hospitali wamechoka", tunawachanganya watu wawili ambao uchovu wao haufanani kabisa.

Kuungwa mkono ninakokuzungumzia hakuhitaji bajeti ya wafadhili. Rosta inayotoka wiki mbili kabla, ili mama mwenye mtoto mchanga ajipange. Inchaji anayekuja saa 12 jioni kuuliza "mmebaki wangapi?" na akisikia wawili, anapiga simu wodi ya jirani kuomba mtu. Gari la kuwarudisha wa ivningi wanaotoka saa 3 usiku, maana wenzetu wamevamiwa njiani. Chumba chenye kitanda na mlango unaofungika. Posho ya kuitwa kazini inayolipwa mwezi uliosemwa, hata kama ni ndogo. Na zaidi ya yote, jambo baya linapotokea, swali la kwanza unaloulizwa.

Swali la kwanza

Mimi nimepokea barua tatu zenye kichwa "YAH: KUTAKIWA KUTOA MAELEZO". Wanaofanya kazi serikalini wanaijua bahasha hiyo kwa namna inavyoletwa: hailetwi mezani, unaitwa ofisini kuisainia kwenye kitabu. Unapewa saa 48. Ya kwanza ilihusu mtoto yule wa saba. Iliniuliza kwa nini nisichukuliwe hatua. Haikuuliza tulikuwa wangapi usiku ule. Nilikaa na kalamu hadi saa 8 usiku, na nikajifunza kuandika kama wakili: kila neno kwa kujilinda, hakuna neno hata moja la kumsaidia mtoto atakayefuata. Nilipoambatanisha partografu, ilikuwa imejaa kila nusu saa. Karatasi ile ya uongo ndiyo iliyoniokoa.

Kipindi cha kutumbua majipu, cha kuwang'oa hadharani watumishi wanaotuhumiwa, kiliongeza kitu kingine, kamera. Kiongozi anaingia hospitali bila taarifa, mwananchi analalamika, muuguzi anaitwa mbele ya watu, na anasimamishwa kazi huku taarifa ya habari inarekodi. Baadhi ya waliosimamishwa walikuwa na makosa kweli. Lakini kila mmoja wetu aliyeangalia nyumbani jioni ile alijifunza somo lile lile: hapa kosa halichunguzwi, linatafutiwa mtu.

Gharama ya somo hilo inaonekana kwenye utafiti mmoja wa Marekani ninaoupenda kuliko mingine yote. Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson, akiwa bado mwanafunzi Harvard, alichunguza makosa ya dawa katika vitengo 8 vya uuguzi vya hospitali mbili. Alitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri na ushirikiano zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamgeukia: timu nzuri zilionekana kukosea zaidi. Alihangaika nazo mpaka akaelewa kwamba timu zile hazikuwa zikikosea zaidi, zilikuwa zikisema zaidi. Kwenye vitengo vya viongozi wakali watu walikuwa wanameza makosa yao. Matokeo aliyachapisha 1996, na 1999 akaandika kwa upana kuhusu jambo ambalo mimi naliita usalama wa kusema: uhakika alionao mtu kwamba akisema "nimekosea" au "sijui" hatafedheheshwa.

Ukishaelewa hili, hospitali isiyo na ripoti za makosa inaanza kukutisha. Ukimya wake unaweza kuwa na maana moja tu, kwamba watu wameacha kusema.

Chukua sindano. Saa 9 usiku unamchoma mgonjwa, anashtuka, sindano inarudi kwenye kidole chako. Dawa za kujikinga na VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo, na mwisho kabisa ni saa 72, kisha uzimeze siku 28. Utaratibu upo na dawa zipo. Lakini ili uzipate ni lazima umwambie mtu. Ataanza na "ulikuwaje mpaka ukajichoma?", jina lako litaandikwa kwenye rejista inayokaa mahali ambapo yeyote anaisoma, na kufika saa 4 asubuhi idara nzima itajua unasubiri majibu. Nilipojichoma mwaka wangu wa nne kazini, nilikaa kwa muda wa saa 5 nikitafakari kama niseme. Niliyemwambia mwishowe alikuwa mzee wetu wa maabara. Hakuniuliza chochote. Alisema, "Mwanangu, kaa hapa," akaenda mwenyewe kuzichukua. Nilimaliza siku 28 nikiwa salama. Imani niliyokuwa nayo kwa hospitali ile kwa miaka iliyofuata ilikuwa imani kwa mzee yule mmoja, na alipostaafu aliondoka nayo.

Unamwamini nani hasa

Hapa neno "imani" linahitaji kufunguliwa. Mwaka 1995 Roger Mayer, James Davis na David Schoorman walipendekeza kwamba tunapoamua kumwamini mtu tunapima mambo matatu: uwezo wake, nia yake njema kwetu, na uadilifu wake, yaani kama akisema anatenda. Kipimo hiki kinasaidia sana hospitalini, kwa sababu viongozi wetu wengi wanapungukiwa na kimoja huku wana vingine.

Mganga mfawidhi wa hospitali ya wilaya anaweza kuwa na nia njema kabisa. Lakini haajiri. Kibali cha ajira kinatoka Utumishi (ofisi ya watumishi wa umma), mgawanyo unapita TAMISEMI (ofisi ya serikali za mitaa), kupandishwa daraja na malimbikizo kunasubiri bajeti ya Dodoma. Yeye ndiye sura tunayoiona kila siku, kwa hiyo ndiye tunayemdai. Akiahidi watumishi wapya mwezi wa saba na wasije, kwetu yeye ndiye mwongo, hata kama aliandika barua tano. Nimeona waganga wafawidhi wazuri wakiacha kuja wodini kwa sababu hiyo tu: hawana jibu, na wameona haya. Ambaye angekuja aseme "nimeandika, nimekataliwa, barua ya kukataliwa ni hii hapa" angebaki na imani yetu. Sisi si watoto. Tunajua nchi ina kikomo. Kinachouma ni kufichwa.

Uadilifu nao tuutazame Kenya, maana wenzetu wamelipa bei kubwa kwa ajili ya karatasi. Mwaka 2013 serikali ilitia sahihi mkataba wa hali bora na chama cha madaktari, KMPDU. Mkataba haukutekelezwa. Tarehe 5 Disemba 2016 madaktari wakagoma, Februari viongozi wao wakatupwa gerezani kwa siku chache, na mgomo ukaisha Machi 14, 2017, baada ya siku 100. Mwaka huo huo wauguzi nao wakagoma kwa miezi mitano hivi. Ukapatikana mkataba mpya wa madaktari. Kisha Machi 2024 madaktari wakagoma tena kwa siku 56, na kiini kimojawapo kilikuwa malipo ya madaktari wa mafunzo ya vitendo: mkataba wa 2017 ulitaja takriban shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, serikali ikasema uwezo wake ni 70,000. Ilichukua hadi Disemba 2024 kukubali kiwango kilichokuwa kimeandikwa miaka saba nyuma.

Aliyekuwa anasoma magazeti tu aliona madaktari wanaopenda pesa. Mimi niliona watu waliosainiana karatasi na mwajiri wao mara mbili, na mara zote mbili wakalazimika kuwaacha wagonjwa ili karatasi iheshimiwe. Robert Eisenberger na wenzake, kuanzia 1986, wameeleza jinsi mfanyakazi anavyopima kama mwajiri anamjali: anatazama sana kile ambacho mwajiri amefanya kwa hiari yake. Nyongeza iliyotolewa kabla hujaomba inajenga. Nyongeza ile ile, ikitolewa baada ya siku 56 barabarani na mabomu ya machozi, inaingia benki lakini haijengi kitu. Ndiyo maana serikali hushangaa: tumewalipa, mbona bado wana kinyongo? Na ndiyo maana Uingereza ilipotia sahihi makubaliano na Kenya ya kuchukua wauguzi, Julai 2021, haikuhitaji kuwashawishi sana.

Mnazi Mmoja

Najua mfano mmoja, karibu na nyumbani, ambapo mambo matatu, yaani uamuzi, watu walio nyuma yako na imani, yalishikwa kwa pamoja. Ni hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar.

Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na daktari Nanna Maaløe wa Denmark walikuta leba ambayo ningeitambua nikiwa nimefumba macho. Mkunga mmoja alikuwa na akina mama watatu hadi sita kwa wakati mmoja. Watoto waliokuwa wanazaliwa wakiwa wamefariki walikuwa 59 katika kila vizazi 1,000. Miongozo ya kimataifa ilikuwepo, mirefu, na haikufuatwa kwa sababu ile ile ya hesabu ya nusu saa.

Badala ya kuleta mwongozo mwingine na mkufunzi wa kuwakumbusha watu wajibu wao, walikaa na wakunga na madaktari wa leba ile wakaulizana: kwa watu mlio nao, kwa vifaa mlivyo navyo, ni nini kinaweza kufanyika na kikaokoa wengi? Kikatoka kijitabu cha kurasa 8 cha kuweka mfukoni, kinachoitwa PartoMa, chenye vipimo vinavyofikika. Mafunzo yake yalikuwa mafupi, yakirudiwa kila baada ya miezi kadhaa, baada ya saa za kazi, na bila posho. Mtumishi yeyote wa serikali anajua semina bila posho huwa na watu wangapi. Hawa walikuja, na wakarudi tena.

Ndani ya mwaka mmoja hivi, kiwango kile cha 59 kilishuka hadi 39. Wafanyakazi hawakuongezwa.

Nimesikia watu wakiusimulia mfano huu kama ushahidi kwamba kumbe wafanyakazi wachache wanatosha. Hapana. Watoto 39 katika 1,000 ni wengi mno, na hesabu ya nusu saa bado haifiki. Mimi ninachokiona pale ni kwamba kwa mara ya kwanza karatasi ililingana na chumba. Mkunga aliulizwa, kwa hiyo akapata uamuzi. Alikuwa na wenzake wa kujadiliana nao, kwa hiyo akapata watu nyuma yake. Na kipimo alichopewa aliweza kukifikia bila kudanganya, kwa hiyo nukta yake ikawa na maana, na aliyeisoma aliweza kuiamini. Mradi huo baadaye ulivuka bahari ukafika hospitali za Dar es Salaam.

Vikao vyetu vya kujadili vifo vya wajawazito na watoto wachanga vilipaswa kufanya kazi hiyo hiyo. Mwongozo wa taifa wa 2015 ulisema wazi kwamba kikao kinatafuta sababu, hakitafuti wa kumlaumu. Nimekaa kwenye vikao vilivyofuata mwongozo huo, na nikatoka nimejifunza. Nimekaa pia kwenye vikao ambapo mwenyekiti alifungua faili akauliza, "Nani alikuwa zamu?" Baada ya swali hilo hakuna daktari wala nesi aliyeongeza neno ambalo halikuwa tayari kwenye faili. Damu ilichelewa saa ngapi, jenereta ilizimika saa ngapi, simu ya nani haikupokelewa, yote yalibaki vifuani.

Miaka mitatu iliyopita tuliletewa inchaji mpya, mdogo kwangu kwa umri. Wiki ya kwanza alikaa naiti nasi, zamu nzima, akazalisha. Wiki ya pili alichukua rula, akapiga mstari kwenye kila ukurasa wa kitabu cha ripoti, chini, pale ambapo huwa tunaandika sentensi yetu, na juu ya mstari akaandika: "Ambacho hakikufanyika." Alituambia ataisoma yeye kwanza, na akasema kisichofanyika kikiandikwa ni chake, kisichoandikwa ni cha aliyekificha. Hatukumwamini. Kwa karibu mwezi mzima sehemu hiyo ilibaki tupu, au mtu aliandika "Hakuna".

Aliyeanza alikuwa binti wa kujitolea, miezi minne tu kazini. Niliisoma asubuhi nilipoingia moningi, mwandiko wake mdogo umelalia kushoto: "Kitanda namba 5, mapigo ya moyo wa mtoto hayakusikilizwa kuanzia saa 8:00 hadi saa 9:10 usiku. Tulikuwa tunazuia damu kitanda namba 2. Mama na mtoto wote wazima." Chini yake inchaji alikuwa ameshaandika kwa kalamu nyekundu: "Nimesoma. Asante mwanangu. Njooni saa 4, chai ipo, tuone nani awe wa tatu usiku wa leo."

Nikaenda kulitafuta faili la kitanda namba 5. Kwenye partografu, sehemu ya saa ile moja na dakika kumi, aliiacha wazi.